Zamu ya Dismasi

Rumonge, Jumapili, 4 Februari

Mvua tangu alfajiri. Hakuna mteja, cherehani imelala, kwa hiyo ninaandika. Mke wangu Fahima anasema mtu akianza kuandika mambo yake ya kila siku, ni dalili ya uzee au ya kesi. Nimemwambia safari hii ni vyote viwili.

Jambo lenyewe ni hili: Dismasi anataka bunduki.

Alikuja jana dukani, akaegemeza baiskeli yake kwenye nguzo, akakaa kwenye kiti cha watu wanaosubiri vipimo, akaitoa habari hiyo kama mtu anayeagiza suruali. Si bunduki ya askari. Anataka karabini ya upepo, ile inayovunjwa katikati kama mkate, inayotupa punje ya risasi ndogo kuliko mbegu ya papai. Sababu aliyonipa ni kunguru. Wanachukua vifaranga vya mke wake huko Gatete, wanadonoa chikichi kabla hazijaiva. Nilipomwambia kunguru walikuwepo na mwaka jana, akaongeza kanga. Nilipomwambia kanga wa karibu wako msitu wa Kigwena, na Kigwena kupiga hata mjusi ni marufuku, akaishika baiskeli yake.

Sababu ya kweli aliisema akiwa amekwisha panda baiskeli, bila kunitazama.

"Ukuta wa Stavro unakaribiwa na maji ya ziwa, fundi."

Nami nikaacha kushona.

Stavro alikuwa Mgiriki mwenye duka la jumla pale ufukweni, enzi tulipokuwa watoto. Kofia yake ilinuka mawese, mikono yake sabuni. Kila Jumamosi mchana, akishafunga hesabu zake, alipanga mikebe ya nyanya juu ya ukuta wa ghala, akatoa karabini yake ya upepo, akawaruhusu watoto wa mtaa wapige punje mojamoja kuelekea ziwani. Aliyekosa alikaa chini. Aliyebaki wa mwisho alipata biskuti. Sijawahi kula biskuti tamu kama zile, na nimekula za harusi za matajiri.

Jumamosi ya mwisho tulibaki wawili, mimi na Dismasi, miaka kumi na moja kila mmoja. Mimi nilipiga, mkebe wangu ukaruka. Ikawa zamu yake. Alikuwa amekwisha weka kitako begani wakati baba yake mdogo alipokuja mbio, akamkamata shati, akamvuta bila kusalimia mtu. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa mwezi wa nne, mwaka wa sabini na mbili. Jioni ile mauaji yalianza, na Rumonge haikuwa tena Rumonge. Wao walikwenda Tanzania. Sisi tulibaki, kwa namna watu walivyobaki. Stavro alifunga duka na mkebe mmoja ukiwa bado juu ya ukuta.

Dismasi alirudi mwaka elfu mbili na nane na mke, watoto, na Kiswahili cha Tabora anachonisahihishia nacho mbele ya wateja. Siku aliyoingia dukani nilimtambua kwa masikio. Sikumwambia karibu. Nilimwambia: "Zamu yako."

Ndiyo salamu yetu tangu hapo. Mimi nasema zamu yako, yeye anasema nipe bunduki. Ilikuwa mzaha mzuri kwa sababu ukuta ulikuwepo na bunduki haikuwepo. Sasa ziwa limeanza kuuharibu mzaha.

Jumatano, 7 Februari

Nimepita ufukweni. Maji yako kwenye ngazi ya Stavro.

Jumapili, 11 Februari

Gatete, kwa Dismasi. Nilikwenda nikiwa mshenga wa bunduki, kazi nisiyomtakia adui.

Beatrisi, mke wake, alikuwa anamenya mihogo. Dismasi alinifanyia ishara ya kichwa nianze mimi. Nikaanza kwa mbali, nikauliza habari za kuku. Nikafika kwa kunguru. Nilipofika kwa karabini, kisu kilisimama ndani ya mhogo.

"Shemeji," akasema, "hicho kitu hakilali nyumba moja na mimi."

Nikamweleza haina baruti, haina moto, iko ya upepo tu, hata watoto wa Ulaya wanapewa. Akasema upepo ukipita kwenye mtutu, mtutu unabaki mtutu. Dismasi alikuwa anakagua mawingu. Mihogo ikaendelea kumenywa, safari hii kwa kasi.

Ni mwanamke mgumu. Nimemfahamu miaka kumi na sita, na sijamwona akichekea kitu kisicho mtoto mchanga. Nilirudi kwa miguu, maana pikipiki hazina mafuta, na nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kumhurumia Dismasi.

Alhamisi, 15 Februari

Kwa mkuu wa zoni, ndiye serikali yetu ya karibu, mimi na Dismasi, tumevaa vizuri. Katika nchi hii huwezi kuleta kitu chenye mtutu halafu ukasema ulisahau kuomba ruhusa. Mkuu alisikiliza, akauliza kama kitu hicho kinaweza kuua mtu. Dismasi akajibu labda ukimpiga nacho kichwani. Nilimkanyaga mguu. Kuna ofisi za kuchekesha na ofisi za kukaa wima.

Tulitoka na jibu hili: tukiipata, aione kwanza, isipelekwe Kigwena, na hataki kusikia jirani hata mmoja akilalamika, wala mwenye nyumba. Aliposema mwenye nyumba alimtazama Dismasi, na nikajua Beatrisi anajulikana hadi zoni.

Jumanne, 20 Februari

Leonidasi, yule anayefanya biashara na ng'ambo ya ziwa, anasema karabini zipo. Anauza matairi, simu, dawa za nywele, na sasa upepo. Alitueleza aina zake kama daktari anayeeleza magonjwa.

Kuna ya vichupa vya gesi. Nzuri sana, nyepesi, mpaka vichupa viishe, na vichupa havipatikani karibu kuliko Dubai. Kuna ya kujazwa kwa pampu, inayopiga nyingi bila kuchoka, lakini pampu yenyewe inahitaji kijana mwenye kifua, na sisi vifua vyetu tuliviacha njiani. Na kuna ya springi, ya kuvunja mtutu, kama ya Stavro. Haihitaji kitu ila mkono wako. Hapo tulikubaliana bila kugombana, na nikaona siku itakuwa njema.

Kisha Leonidasi akauliza: "Kipenyo gani, wazee? Milimita nne na nusu, ao tano na nusu?"

Siku ikaharibika.

Ijumaa, 23 Februari

Nne na nusu. Punje nyepesi, inakwenda moja kwa moja, haina haja ya kuhesabu itashuka wapi. Kwa mkebe, hakuna bora. Hii ndiyo hoja yangu.

Hoja ya Dismasi: tano na nusu. Punje nzito, inafika ikiwa bado na heshima. Kunguru ukimpiga na nne na nusu, anasema, anaondoka na risasi yako mwilini akaitumie kama dawa.

Nikamwambia tunapiga mkebe, mkebe hauna roho. Akasema mtu hanunui karabini kwa ajili ya mkebe mmoja. Nikamwambia mbona wewe ndiye unayeinunua kwa ajili ya mkebe mmoja. Akaniambia Kiswahili sanifu ni "kwa ajili ya kopo".

Jumamosi, 2 Machi

Maji mlangoni kwa Stavro. Samaki wadogo wanaingia ndani na kutoka kama wateja.

Alhamisi, 7 Machi

Tumefanya ujinga, na ni ujinga wetu sisi watu wa hapa, sidhani kama kuna mahali pengine ungetokea.

Hapa Rumonge tumezoea kugawana. Waliorudi walikuta mashamba yana watu, na wengi waliambiwa wagawane nusu kwa nusu, mchikichi kwa mchikichi, hata choo kilipitiwa na kamba ya kupimia. Tangu hapo jambo likitushinda tunalikata katikati. Kwa hiyo tulipochoka kubishana, Dismasi alisema tugawane: mimi nishughulikie bunduki, yeye ashughulikie punje. Tukapeana mikono. Ilionekana haki kabisa.

Leo nimeleta karabini ya kujaribu kutoka kwa Leonidasi. Nne na nusu. Dismasi ameleta mkebe wa punje. Tano na nusu. Tulijaribu kuziingiza, kama watu wanaotarajia chuma kione aibu. Hakikuona. Fahima alisimama mlangoni akitutazama, mikono kiunoni.

"Nusu ya bunduki na nusu ya risasi," akasema. "Kunguru wakisikia watahama."

Jumanne, 12 Machi

Mfungo. Bunduki ya kujaribu imerudi kwa Leonidasi. Sina nguvu ya kubishana bila chai.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Familia kadhaa za ufukweni zimehamia kwa ndugu zao. Ziwa limekuwa mgeni asiyepiga hodi: leo uani, kesho sebuleni. Wengine wanatoa milango na mabati wenyewe kabla halijavichukua. Nilimwona mama mmoja anafagia kizingiti ambacho kesho hakitakuwepo. Sikucheka. Mimi pia ninagombania ukuta.

Jumatano, 27 Machi

Mchana wa kufunga ni mrefu na kichwa kinatembea nyuma. Nimekumbuka miaka ile Dismasi alipokuwa hayupo.

Watu walikuwa wakitajwa polepole. Fulani amekufa, fulani hajulikani, fulani tumesikia yuko Kigoma. Lilipotajwa jina la Dismasi nilisema yeye bado, zamu ni yake. Nilikuwa mtoto, nilidhani hiyo ni sheria: mwenye zamu hajaondoka, ameitwa kidogo tu. Nilipokua nikaacha kulisema kwa sauti. Lakini nilipopita pale ukutani sikuwahi kuokota jiwe nikalenga kitu. Wengine walilenga. Mimi haikuwa zamu yangu.

Haya sijamwambia Dismasi. Angenisahihisha mahali.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Dismasi na Beatrisi wamekuja kula pilau. Beatrisi alikula vizuri, akamsifu Fahima, akaniambia shati langu limekaa vizuri mabegani. Bunduki haikutajwa, ilikaa mezani nasi kama mtu wa tano.

Ijumaa, 12 Aprili

Maji yako chini ya dirisha la Stavro. Paa la ghala limekwenda. Umebaki ukuta wa mbele, dirisha moja, na mikebe yetu ya zamani kichwani mwangu.

Jumatatu, 15 Aprili

Siku ya soko. Ninaandika kwa urefu kwa sababu leo nimejifunza kitu, na umri wangu hauruhusu mambo hayo mara kwa mara.

Nilimkuta Beatrisi kwa mama muuza vyungu, anatafuta cha kupikia maharagwe. Nilisimama nyuma ya mikeka nikamtazama. Wanawake wa hapa hawanunui chungu kwa macho. Wanakiinua kwa vidole vitatu, wanakigonga kwa kifundo cha kidole, wanasikiliza. Kilichoiva hulia kirefu. Chenye ufa, hata ufa usioonekana, hujibu kama mtu aliyeziba pua. Beatrisi aligonga kimoja, akarudisha. Akagonga kingine, akarudisha. Mama muuzaji akamwambia nyufa anazozisikia zimo masikioni mwake. Beatrisi aligonga kingine.

Bila kugeuka akasema: "Shemeji, toka nyuma ya mikeka. Unanizibia upepo."

Nikatoka. Nikamwuliza kwa nini asitazame tu. Akasema jicho hudanganywa na rangi. Sikio halidanganywi. Kisha akaendelea kugonga na kusema, polepole, kama anaongea na chungu.

Mwaka ule wa sabini na mbili alikuwa na miaka saba. Mama yake aliwaficha kwenye matete, maji kiunoni, yeye na wadogo zake, na hawakuweza kuona kitu ila matete. Wakajifunza kwa sikio. Huu mlio wa bunduki uko mbali, tulia. Huu uko karibu, zama. Huu unaondoka, pumua. Mama yake aliwafundisha hivyo kwa kuwabana mkono. Alipofika Tanzania alikaa miaka mingi hawezi kuvumilia mlango ukibamizwa.

"Nyinyi mnabishana vipenyo tangu Februari," akasema. "Hakuna aliyeniuliza ninaogopa nini."

Nikamwuliza.

"Mlio," akasema. "Kunguru sina ugomvi na kufa kwake. Na ukuta wenu naujua, Dismasi ameniambia tangu tuko wachumba, kabla hajaniambia jina la mama yake. Sitaki mlio ule uani kwangu."

Akagonga chungu kingine. Kikalia kirefu, kama kengele iliyo mbali. Akakiweka kichwani akalipa.

Nilikuwa nimeandika hapa kuwa ni mwanamke mgumu. Sifuti, maana kufuta ni uongo. Ninaongeza tu kwamba tulikwenda kwa mkuu wa zoni, kwa Leonidasi, kwa kila mtu mwenye cheo na asiye na cheo, na yule mwenye jibu alikuwa anamenya mihogo mbele yetu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemweleza Dismasi. Kisha akasema habari ya matete anaijua, ya kubanwa mkono alikuwa haijui. Miaka arobaini ya ndoa.

Tumemwomba Leonidasi alete karabini zote za springi alizo nazo, Gatete, Jumapili, baada ya misa.

Jumapili, 21 Aprili

Leonidasi amefika na tatu, zimefungwa kwenye gunia la mchele ili barabarani watu wasiulize maswali. Dismasi aliweka gunia la mchanga mbele ya kichuguu, nyuma ya michikichi, kuku wakafungiwa. Beatrisi alileta kigoda akakiweka mbele ya jiko, akatugeuzia mgongo. Mbele yake maharagwe yalikuwa motoni kwenye chungu kipya. Alisema tusimwambie ni ipi, tupige tu.

Ya kwanza ilikuwa kuukuu, mbao imepasuka, bei nzuri. Dismasi akapiga mchangani. Ilitoa mlio mrefu wa chuma, wa kutetemeka, kama kitanda cha zamani.

"Hiyo ina ufa," Beatrisi akasema kwa jiko.

Leonidasi akakasirika kidogo, akaifungua. Springi ilikuwa imejikunja, na ngozi ya pistoni imekauka kama ndagala, dagaa wetu wa hapa. Akairudisha guniani.

Ya pili ilikuwa yangu. Niseme ukweli, niliipenda tangu ilipotoka guniani. Nyeusi, nne na nusu, darubini juu yake, springi ya nguvu mpaka Leonidasi alitumia goti kuivunja. Anasema punje yake ina mbio kuliko sauti. Nikaomba nipige mimi. Nililenga jani lililokuwa juu ya gunia, na kwenye darubini niliona hata mshipa wa jani. Nikavuta.

Ilipasua hewa. Mlio mkavu, mfupi, wa mjeledi, ukaenda mpaka kwenye mchikichi wa mwisho ukarudi. Jani lilitoboka katikati. Nikageuka nikiwa na tabasamu langu lote.

Beatrisi alikuwa amesimama. Hakukimbia, hakupiga kelele. Mkono mmoja ulikuwa umeshika mkono wake mwingine, juu kidogo ya kiwiko, na kuubana.

"Hiyo naijua," akasema.

Maharagwe yalichemka. Mimi mwenyewe niliirudisha bunduki guniani, na nikaona haya kwa kuipenda. Dismasi akasema labda tuache. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeacha sigara ya mwisho, akaanza kukunjua mikono ya shati. Nikajua ameacha kweli. Ukuta, mkebe, zamu, vyote.

"Mlisema tatu," Beatrisi akasema. Akakaa tena.

Ya tatu haikuwa na kitu cha kutazamwa. Mbao ya kahawia, haina darubini, ina kijiti tu cha kulengea mbele na pengo dogo nyuma, springi ya wastani. Tano na nusu. Leonidasi akaomba radhi kwa niaba yake, akasema ni ya polepole, iko ya wazee. Dismasi akaivunja kwa mkono mmoja, akaweka punje moja ya zile alizonunua kwa ujinga, akapiga.

*Pu.*

Kama mtu anayekung'uta kitenge mara moja kabla ya kukianika. Kuku hawakustuka.

Beatrisi akainamisha kichwa upande.

"Rudia."

*Pu.*

"Tena."

*Pu.*

Akachukua mwiko akakoroga maharagwe. Tulimsubiri kama tunavyomsubiri shehe aseme mwezi umeonekana.

"Hiki kimeiva," akasema.

Kisha akatoa masharti, na aliyatoa bila kugeuka. Itakuwa inakaa kwake, nyuma ya vyungu, si chini ya kitanda cha Dismasi. Na siku ya ukuta atakuja mwenyewe. "Punje moja," akasema. "Dismasi apige ile aliyokatizwa. Halafu twende nyumbani."

Nilisindikizwa hadi barabarani na Dismasi, akisukuma baiskeli. Hakutaja vipenyo hata mara moja. Alipiga tu mluzi njia nzima, wimbo mmoja, tano na nusu, tano na nusu. Hauna maneno, lakini mimi niliyasikia.

Jumatano, 24 Aprili

Mkuu wa zoni ameiona. Akaomba kuipiga, akakosa mti.

Jumatatu, 29 Aprili

Duka nimefungua nusu mlango. Tarehe hii watu wa umri wetu hawaulizani habari.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua na upepo. Dirisha la Stavro limezama hadi katikati. Dismasi alitaka twende leo. Beatrisi amekataa, mawimbi makubwa.

Jumanne, 7 Mei

Mawimbi.

Alhamisi, 9 Mei

Mawimbi. Dismasi amepita dukani mara mbili bila sababu. Nilimwambia zamu yako, akasema usiseme.

Jumamosi, 11 Mei

Ziwa lilitulia asubuhi. Saa kumi mchana tulikuwa pale: Dismasi, mimi, Beatrisi, na Fahima aliyesema amekuja kuhakikisha sizami. Ilikuwa Jumamosi, kama zamani. Sikumkumbusha Dismasi. Niliona amevaa suruali niliyomshonea kwa ubatizo wa mjukuu, nikajua anakumbuka.

Mstari wetu wa kusimama, pale palipokuwa na jiwe la Stavro, sasa uko ndani ya maji. Tulikunja suruali tukaingia mpaka magotini. Nilitafuta kwa unyayo. Jiwe lilikuwepo, linateleza, baridi, mahali pake. Nikamwambia Dismasi asogee kushoto. Akasogea, akalikanyaga, akafumba macho.

Ukuta ulikuwa umebaki kipande kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Mvuvi mmoja alipita na mtumbwi, tukamwomba atuwekee mkebe juu yake. Akauliza ni wa nini. Fahima akamwambia wazee hawa walisahau kitu hapa. Akauweka, mkebe wa nyanya, karatasi nyekundu, akajitoa mbali kabisa. Nyuma ya mkebe hapakuwa na kitu ila maji na milima ya Kongo.

Beatrisi alisimama nchi kavu. Aliitoa karabini ndani ya kitenge akampa mume wake, kisha akatoa punje moja iliyokuwa imefungwa kwenye ncha ya leso. Moja kweli.

Dismasi akaivunja, akaiweka, akaifunga. Akaweka kitako begani. Nilimwona mabega yakipanda kidogo, kama mtu anayetegemea mkono utoke nyuma umkamate shati. Nadhani sote tulisubiri mkono huo. Mimi nilisogea nikasimama nyuma yake, karibu, ili akijiuliza kuna nani, awe ni mimi.

Alilenga muda mrefu. Mtumbwi ulipita mbali, akasubiri upite.

*Pu.*

Mkebe ukaruka. Uligeuka hewani, ukaonyesha nyekundu, ukaonyesha chuma, ukaangukia upande wa pili. Hatukusikia ukianguka. Baada ya kitambo tukauona unaelea, unakwenda zake kusini.

Nilimtazama Dismasi. Alikuwa anacheka bila sauti, maji yanamtikisika magotini. Nyuma yangu nilisikia sauti nisiyoijua, nikageuka. Ni Beatrisi, amejifunika mdomo kwa leso, mabega yanaruka. Hapakuwa na mtoto mchanga mahali popote.

Nikanyoosha mkono kupokea bunduki.

"Shemeji," Beatrisi akasema, "nilisema punje moja."

Nilimtazama Fahima aniokoe. Alikuwa anatazama milima. Dismasi akatoka majini, akampa mke wake karabini, akaikunjua suruali chini taratibu, pindo kwa pindo. Kisha akaniangalia. Miaka kumi na sita alikuwa ameliweka neno lile mahali pasafi, akilisubiri.

"Fundi," akasema. "Zamu yako."

Jumanne, 14 Mei

Upepo mkali usiku. Asubuhi ukuta haupo. Nilisimama kidogo pale, nikarudi kazini.

Jumamosi, 25 Mei

Mvua zimekatika. Dismasi amepita na baiskeli, hakusimama. Kengele, kisha: zamu yako. Wateja wameuliza zamu ya nini. Nimewaambia ya vipimo.

Jumamosi, 1 Juni

Kiangazi. Vumbi la kwanza kwenye kitambaa.

Beatrisi ametuma salamu na sahani ya maharagwe. Anasema kunguru wamepungua, yeye mwenyewe amewapiga wawili, na kwamba sharti la punje moja lilikuwa la siku ile, si la milele. Mkebe uko juu ya kigogo cha mchikichi uani kwake, umewekwa tangu wiki iliyopita, na haruhusu mtu kuugusa. Nije siku yoyote.

Fahima ameniuliza kwa nini siendi. Nimemwambia nina suruali za watu.

Ameitazama meza. Haina suruali hata moja. Amechukua sahani akaenda kuiosha. Nami nimebaki na zamu yangu: mwenye zamu haondoki.